Damu Aliyojitengenezea Amisi

Kindu, Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya umma

Feza,

Salamu sikuandikii. Nimekusalimu mara mbili uani kwa rafiki yako unakolala kule Kasuku, na mara zote mbili ulinigeuzia mgongo ukaendelea kufua. Basi tuache salamu. Barua hii nitampa dereva wa lori, na nimemwambia asikupe mpaka mfike Lubutu. Ukiwa huko hutaweza kurudi kuja kunitupia usoni. Kuichana utaweza, lakini nakujua: utaisoma kwanza, upate sababu zaidi za kunichukia.

Sikuambii uvae nini njiani wala ujihadhari na nani huko Kisangani. Shangazi yako Bitondo alikwisha kuyasema yote, tena kwa kelele, kabla hamjatukanana. Mimi nina jambo moja tu, lile uliloniuliza Jumatano mbele ya sahani. Nitaliandika kama lilivyokuwa, kwa sababu najua utalisimulia huko kwa namna yako, na katika namna yako nitakuwa mtu aliyenyamaza tu.

Tulikuwa tunakula pamoja kwa ajili ya kukuaga uende masomoni Kisangani. Mama yangu, ambaye haoni tena vizuri, alivushwa kwa mtumbwi kutoka Alunguli ili akushike kichwa. Bitondo alikaa karibu naye. Mwajuma, mke wangu, alikuwa anagawa mboga ya sombe. Ukaweka tonge chini ukasema:

"Baba, mwalimu wetu wa biolojia anasema ugonjwa kama ule wa mudogo wangu Amisi, mutoto hawezi kuupata kwa muzazi mumoja. Ni lazima wote wawili wamupe. Ni kweli ao ni uongo?"

"Kula," nikasema.

"Nakuuliza weye. Weye njo wa laboratwari."

"Kula, Feza."

"Basi mama yangu alifukuzwa juu ya nini?"

Bitondo akapiga paja. "Muone ule mutoto! Damu ya Kibombo njo inasema ndani yake!"

Ukamjibu neno ambalo sitaliandika. Una ulimi wa shangazi yako ule ule, kama hujui. Hukuurithi kwa mama yako. Kisha ukanigeukia mimi: "Weye si baba. Weye ni muoga mwenye koti nyeupe." Ukabeba sanduku lako ukatoka, na bibi yako akabaki anapapasa hewani akitafuta kichwa cha kubariki.

Neno "muoga" sikatai. Lakini umesoma ukurasa mmoja wa biolojia ukadhani umenivua nguo. Hujanivua kitu. Ngoja nijivue mwenyewe, nitaifanya kazi hiyo vizuri kuliko wewe.

Mwaka ule nchi ilipobadilishwa jina, na sisi wanafunzi tukaambiwa tuvue tai, nilikuwa Kisangani nikisomea kazi ya maabara. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja wa Kasai, tukimwita Mama Ntumba, mfupi, mwenye sauti ya mtu anayepasua kuni. Nyuma ya darasa alifuga sungura. Siku moja alichinja jike lenye mimba ya siku tisa, akatoa mimba zile akaziweka kwenye sahani ya kioo yenye maji ya chumvi, akatupanga mstari tutazame kwa darubini ile ya vitu vidogo.

Mtoto wa sungura wa siku tisa si mkubwa kuliko punje ya mchele. Hana ini la kusema ni ini, hana mfupa, na moyo wake ndio kwanza unaanza kushtuka. Amelala juu ya kifuko chembamba kama ngozi ya ndani ya yai. Na kwenye ukuta wa kifuko kile, nje kabisa ya mwili wake, nikaona madoa mekundu yametawanyika. Mama Ntumba aliyaita visiwa vya damu.

"Saidi," akaniambia, "hii damu ni ya nani?"

"Ya mama yake."

Akanishika sikio, mimi mtu mzima mwenye ndevu, akanirudisha kwenye darubini. "Tazama tena. Iko mushipa gani unatoka kwa mama na kuingia pale?"

"Hakuna, Mama."

"Basi damu ilifika pale namna gani?"

Akajijibu mwenyewe:

"Ilizaliwa pale pale. Mama anamupa mutoto chakula na hewa. Damu, mutoto anajitengenezea mwenyewe. Sema."

Nikasema. Akanisemesha mara tatu mbele ya wenzangu.

Miezi iliyofuata tulitumwa machinjioni kuchukua watoto wa mbuzi waliokutwa tumboni, wa kila umri. Kwa wale wadogo ini lilikuwa limejaa tumbo zima, kwa sababu kiwanda cha damu kilikuwa kimekwisha kuhama kutoka kwenye kifuko na kuingia ini. Wengu nao unasaidia kidogo. Kwa wale waliokaribia kuzaliwa, kazi ilikuwa inahamia ndani ya mifupa, na humo hubaki mpaka kufa. Hata chembe zenyewe hubadilika. Zile za kwanza kabisa ni kubwa na zina kiini ndani. Zinazokuja baadaye hukitupa kiini chao na kubaki kama vitumbua vilivyobonyea katikati. Na kile kinachoifanya damu iwe nyekundu nacho si kimoja. Mtoto akiwa tumboni ana cha aina yake. Akizaliwa, kile cha tumboni huondoka polepole na cha ukubwani kikashika nafasi, kazi ya nusu mwaka hivi. Namna ya kukitengeneza, alisema Mama Ntumba, mtoto hupewa na wawili, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Ndiyo maana kuna ugonjwa ambao mtoto anazaliwa nao na hakuna anayeuona. Unangoja damu ya tumboni iishe.

Sikuandikii haya ili nikufundishe. Huko uendako utayasoma kwenye vitabu bora kuliko vyangu. Nakuandikia ujue kwamba niliyajua. Miaka mitatu, minne kabla Amisi hajazaliwa, nilikuwa nimeyasema kwa mdomo wangu mara tatu, sikio langu likiwa mkononi mwa mwalimu.

Nilirudi Kindu, nikapewa kazi hospitalini, nikamwoa mama yako Zaina kutoka Kibombo. Ukazaliwa wewe, mzima, mkali tangu siku ya kwanza. Kisha Amisi. Alikuwa mnene, mwenye vikunjo mapajani, na mama yangu alimzungusha Alunguli nyumba kwa nyumba kama mtu aliyeshinda tuzo. Alipofika miezi minane vidole vyake vya mikono na miguu vikavimba vikawa kama ndizi ndogo. Ukimgusa analia, usipomgusa analia. Wewe ulimfunga kitambaa mkononi ukasema amechomwa na nyuki. Macho yake yakawa manjano.

Nilijua siku ile ile. Lakini mtu wa maabara hasemi najua mpaka atazame. Nikamchoma kidole, nikaweka tone lake katikati ya vioo viwili, nikaziba kingo kwa vaselini hewa isiingie, nikaacha mpaka kesho yake. Asubuhi hakukuwa na umeme, nikageuza kioo cha darubini kielekee jua la dirishani. Chembe zilizotakiwa kuwa duara zilikuwa zimepinda na kuchongoka kama mundu, zimeshikana, zimejazana. Nikachukua tone la mama yako. Yeye mwenyewe alininyooshea kidole akacheka, akauliza kama nataka na kucha. Kesho yake, katika tone lake pia kulikuwa na mundu.

Siku iliyofuata nikajichoma mwenyewe.

Nililikuta tone langu limepinda kama lile la Zaina. Nililitazama muda mrefu. Halafu nikakiosha kile kioo kwa sabuni, nikakianika pamoja na vingine. Hakuna aliyeniona. Ile ndiyo siku niliyokuwa muoga, Feza. Wewe Jumatano ulikosea siku.

Wiki ile mama yangu akavuka mto kuja kuniuliza. Yeye ana hesabu yake, tangu zamani: baba hutoa mifupa, mama hutoa damu. Mtoto akiwa na mifupa mibaya, ukoo wa baba uulizwe. Akiwa na damu mbaya, ukoo wa mama uulizwe.

"Wanasema uliweka damu yenu ndani ya mashini," akasema. "Ya nani njo ulikuta mubaya?"

"Ya Zaina," nikasema.

Hakuuliza zaidi, hakuona haja. Nami nilijifariji kwamba sikusema uongo. Kumbuka pia kwamba nilikuwa nimefundishwa mahali damu inapotengenezwa. Inatengenezwa ndani ya mifupa! Hata kwa hesabu ya mama yangu mwenyewe, mifupa ikiwa ya baba, nilikuwa na la kujibu. Nikanywa chai aliyoiletea sukari yake.

Amisi aliishi miaka mitatu na ushee. Unamkumbuka kidogo, sivyo? Alikuwa anapenda kukaa kwenye kivuli cha pipa la maji. Mwishoni damu yake ilikuwa kama maji yaliyooshewa nyama. Niliipima mimi, kwa mikono yangu, kila wiki, nikaandika namba nikampelekea munganga wa hospitali, naye akaninyooshea mikono mitupu. Alikufa Ijumaa adhuhuri, wanaume wakiwa msikitini. Nilifika nimevaa kanzu nikakuta amekwisha kufunikwa.

Baada ya arobaini wakaita kikao Alunguli. Wewe ulikuwa na miaka sita, uliachwa nje na watoto, lakini najua ulisimama kwenye mlango wa nyuma kwa sababu niliona vidole vyako kwenye mwimo. Kwa hiyo sehemu hii hutanidanganya kwamba huijui. Bitondo alisema mengi. Alisema mwanamke wa damu ile atamaliza ukoo. Mjomba mmoja akasema apimwe tena. Zaina hakumjibu hata mmoja. Alinitazama mimi.

"Saidi, sema. Weye njo unajua."

Nikatazama viatu vyangu.

"Na damu yako?" akauliza. "Uliitazama?"

"Sikuitazama," nikasema.

Huo sasa ulikuwa uongo mtupu, hauna nusu. Mama yako akasimama, akakaza kikwembe chake kiunoni, akatoka. Kesho yake akapanda treni ya Kibombo. Wewe ulimng'ata Bitondo mkono ulipozuiwa usipande, na alama ile anayo mpaka leo. Mtoto wa kwanza ni wa ukoo wa baba, walisema, na mimi nikakubali hilo pia, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kukubali kila kitu.

Nikuambie jambo baya zaidi. Mama yako mwenyewe nilimchukia miaka mingi. Nilimchukia kwa sababu alinitazama kama mtu anayejua, na bado akaondoka kimya. Angepiga kelele! Angenishika kanzu mbele yao, angenitukana ukoo mzima, labda ningebanwa nikasema. Nilimlaumu kwa kuwa na heshima. Ndivyo mtu anavyokuwa, Feza. Ukimdhulumu mtu hutulii. Unatafuta kosa lake usiku na mchana, na usipolipata unamchukia kwa kutokuwa nalo.

Nilipotaka kumwoa Mwajuma, nilimwomba kidole chake. Nilimwambia natafuta malaria. Nilitazama damu yake siku mbili, na nilipoona haipindi ndipo nikatuma watu na posa. Elimu ile niliyomnyima mama yako niliitumia kwa faida yangu mwenyewe. Wadogo zako wawili wakazaliwa wazima, wakakua, na Bitondo akawa anawanyanyua mbele ya watu: "Munaona? Damu ya kaka yangu iko safi!" Nami nilikuwa nasimama pale. Miaka kumi na moja nimesimama pale. Hakuna mtu aliyenitisha, hakuna bunduki, hakuna Chama. Nilitishwa na dada yangu na bibi kizee mmoja.

Sasa usijione. Wewe nawe ulipokuwa na miaka kumi na miwili ulikataa kunywa kikombe kimoja na mtoto wa jirani, yule mwenye macho ya manjano. Ulisema nyumba yao ina laana. Nilikusikia, nikakaa kimya, maana ukimya ulikuwa umekuwa kazi yangu ya pili. Lakini maneno yalikuwa yako. Ukiwa mbele ya wagonjwa huko, na nguo yako nyeupe, ukianza kujiona wewe ni wa upande wa waliodhulumiwa tu, mkumbuke yule mtoto.

Alhamisi, siku moja baada ya wewe kuondoka na sanduku, nilivuka kwenda Alunguli. Usinipongeze. Sikwenda kwa ushujaa. Nilikwenda kwa hasira, hasira juu yako, kwamba mtoto niliyemfunga nepi ananiita muoga mbele ya mke wangu. Nikawakuta bibi yako na Bitondo barazani wanapepeta mchele. Nikasema nikiwa nimesimama: "Mama, Amisi alipata ugonjwa kwangu na kwa Zaina, nusu kwa nusu. Niliona damu yangu mwenyewe. Nikaosha kioo."

Bitondo akacheka. "Ule mutoto wako amekuloga."

"Hajaniloga. Mutoto hapewi damu na mama. Anajitengenezea. Namna ya kuitengeneza anapewa na wote wawili. Na mimi nilimupa mubaya."

"Nyamaza!" Bitondo akasimama, ungo ukaanguka. "Unamutukana baba yetu ndani ya kaburi? Damu yako ni yake!"

"Ndiyo," nikasema. "Labda ilitoka kwake. Ao kwa mama."

Bibi yako alikuwa bado ameshika mchele mkononi. Hakupaza sauti. Alisema: "Zaina alikuwa ananichotea maji. Miaka yote ile mimi nilikuwa namwita muchawi, na weye ulikuwa unasikia."

"Nilikuwa nasikia, Mama."

"Nikikufa," akasema, "usishuke ndani ya kaburi langu. Ashuke mutoto wa Bitondo."

Nikamwomba anisamehe. Akarudi kwenye mchele wake, akaokota mawe kwa vidole kwa sababu macho hayaoni. Nilivuka mto nikarudi kazini. Sikujisikia mwepesi. Watu husema ukweli hukutua mzigo. Mimi ulinitwisha wa pili, na ule wa kwanza haukutoka.

Limebaki la kwako. Mwaka jana ulipolala na malaria nilichukua damu yako, na tone moja nikaliziba kwa vaselini bila kukuambia. Feza, una mundu. Si ugonjwa. Wewe ni kama mimi na kama mama yako: hutaumwa, utazeeka, utasumbua watu. Lakini siku ukipenda mwanaume, kabla hujatazama viatu vyake na maneno yake, tazama damu yake. Mwombe kidole kwa sababu ya kweli, umwambie unatafuta nini. Usifanye kama nilivyomfanyia Mwajuma. Naye nilimwambia jana, akaacha kunipikia.

Na haya usiniamini. Una haki ya kutoniamini. Huko kuna darubini; jichome mwenyewe, ziba kingo, ngoja mpaka kesho, tazama kwa macho yako. Ukikuta nimekosea, uniandikie barua ya matusi nami nitaisoma.

Nilikuwa nimekusudia kuja kesho alfajiri kusimama kando ya lori lako. Sitakuja. Wanasema treni ya kusini nayo itaondoka kesho. Wamesema hivyo tangu Jumatatu, lakini leo nimeona kwa macho yangu kichwa kinapakiwa kuni. Nimeomba ruhusa kazini. Wewe ukielekea Lubutu, mimi nitakuwa naelekea Kibombo. Sitamwomba mama yako arudi, sijapoteza akili kiasi hicho. Nitamwomba aite kaka zake, na mbele yao niseme nilichowaambia watu wangu, kwa maneno yale yale, na jina langu ndani yake. Wakinipiga, watapiga. Akifunga mlango, nitasema nikiwa nje, kwa sauti ambayo majirani watasikia, maana majirani nao walisikia lile la kwanza, la damu mbaya.

Usiniombee dua. Mwombee yeye asiwe amekwisha kuchoka kulisubiri neno hilo.

Mimi niliyekuzaa, utake usitake,

Saidi